Alama ya nafasi: herufi iliyo kando ya kifaa kwenye bodi

Fungua tivii yoyote iliyofikishwa kwa fundi pale Kilombero, Arusha, uitazame bodi ya pawa. Kando ya kila kifaa pamechapwa herufi na namba: R12, C5, Q3, D801. Hiyo ndiyo alama ya nafasi. Herufi hutaja aina ya kifaa, na namba hukitenga na wenzake wa aina hiyohiyo. R ni rezista, C kapasita, L koili, D dayodi, Q transista, F fyuzi. U au IC ni aisii, yaani saketi nzima ndani ya kifaa kimoja. Namba haisemi lolote kuhusu thamani. R12 si rezista ya omu 12, na hapo wanafunzi wengi hujikwaa.

Alama iko kwenye bodi, kwa hiyo kifaa kikipasuka yenyewe hubaki. Chukua kisahani cha buluu kilicholipuka karibu na mahali umeme unapoingilia. Kwa macho ni kapasita ya seramiki, na wapo wanaoibadilisha hivyo. Sugua masizi: pameandikwa RV1. Basi hiyo ni varista, kifaa cha kukinga bodi umeme unapozidi. Ikiwa mwilini bado inasomeka 10D471K, 10 ni kipenyo kwa milimita, 471 ni 47 ikifuatwa na sifuri moja, yaani volti 470, na K ni tofauti inayoruhusiwa ya asilimia 10. Umeme wetu wa volti 230 una kilele cha kama volti 325, hivyo varista hutulia tu. Umeme ukirudi kwa kishindo na kuvuka kiwango chake, upinzani wake huporomoka, humeza mkondo mkubwa, fyuzi hukatika na bodi husalimika. Ukiweka kapasita mahali pake tivii itawaka vizuri, ila haina kinga tena, na mteja hajui.

Kwenye vidude vyeusi vya miguu mitatu, herufi ndiyo mkombozi. Mwilini hamna nafasi ya jina, kwa hiyo huandikwa kodi fupi, yaani msimbo wa herufi na namba. Penye Q, 1AM kwa kawaida ni transista MMBT3904. Penye D, A7 kwa kawaida ni BAV99, dayodi mbili ndani ya mwili mmoja. Kwa umbo havitofautiani hata kidogo. Watengenezaji nao hurudia kodi, kwa hiyo thibitisha kwa mita, umeme ukiwa umechomolewa na kapasita kubwa imeshatolewa chaji. Ile hushika zaidi ya volti 300 na haina utani.

Bodi nyingine, hasa za sabufa za bei poa, hazina maandishi kabisa. Hapo tafuta pacha: upande wa kulia na wa kushoto wa amplifaya ya stirio kwa kawaida hujengwa sawa, basi kilichoungua upande mmoja utakikuta kizima upande wa pili, kodi yake ikisomeka.