Kuahirisha masomo si kudisko

Katika vyuo vikuu vya Tanzania kuna imani ya miaka mingi: mwanafunzi akiahirisha masomo, hata kwa ugonjwa au uzazi, amejidisko mwenyewe, yaani amejiondoa chuoni kama aliyefukuzwa kwa kufeli. Inaeleweka ilikotoka, maana aliyeahirisha na aliyedisko wote huonekana wakifunga begi na kurudi nyumbani katikati ya mwaka.

Lakini ni mambo mawili tofauti. Kudisko ni uamuzi wa chuo wa kumwondoa mwanafunzi kutokana na matokeo. Kwa vyuo vingi, kipimo kinachotazamwa ni GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.0 kati ya 5.0; aliye chini yake ndiye hudisko. Kuahirisha ni ombi la mwanafunzi mwenyewe. Anaandika barua, anaambatanisha vielelezo kama cheti cha daktari, inapita kwa mkuu wa idara, kisha anasubiri kibali cha maandishi. Nafasi yake inabaki, na alama alizokwisha kuzipata hazifutwi.

Kinachoniuma ni wale wanaoogopa neno “kuahirisha”, wakaondoka kimyakimya baada ya kumwambia CR tu, yaani kiongozi wa darasa. Hao ndio huhesabiwa watoro, na mtihani uliokoswa bila ruhusa unaweza kuwaondoa kweli.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kanuni za mitihani za chuo chako, sehemu ya kuahirisha. Angalia mwisho wa kuomba, muda unaoruhusiwa kukaa nje, na namna ya kuomba kurudi, kwani kurudi nako huombwa. Mwenye mkopo apite pia kwa afisa mikopo. Na ile barua ya kibali, yenye mhuri na tarehe, itoe nakala uiweke nyumbani.