Dhana potofu kuhusu biashara ya unga wa lishe iliyoanzia nyumbani

Wauzaji wengi wa unga wa lishe mitaani hawakusomea lishe. Mtoto aligoma kula, uzito ukasimama kwenye kadi ya kliniki, mama akahangaika na michanganyiko hadi akapata mmoja ambao mtoto aliupokea. Jirani akaomba kilo moja, wifi akaomba mbili, biashara ikazaliwa. Mwanzo huo hauna ubaya wowote. Ninachobishia ni yale yanayosemwa baadaye, kana kwamba kupitia shida ni sawa na kuwa na cheti.

"Umemsaidia wangu, utamsaidia na wako"

Huenda mtoto alinenepa kwa sababu ya uji. Huenda pia kuhara kulikoma mwezi uleule, au mama kwa wasiwasi wake alianza kumlisha mara nne badala ya mbili. Yote yalibadilika kwa pamoja, kwa hiyo hata mama mwenyewe hawezi kujua kipi kilifanya kazi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mkoa wa Iringa, unaolisha mikoa mingine kwa mahindi yake, ulikuwa na asilimia 57. Njombe na Rukwa ilikuwa karibu nusu ya watoto. Huko hakuna uhaba wa unga. Kuna mama anayeshinda shambani, mlo usiobadilika, maji machafu, maradhi ya mara kwa mara. Anayeandika kwenye pakiti "tunatokomeza udumavu" anajibu swali ambalo Iringa hawakuliuliza.

Na mtoto mwenye utapiamlo mkali si mteja wako. Huyo ni wa kituo cha afya, anakopewa maziwa maalumu au chakula dawa kwa vipimo. Aliye chini ya miezi 6 naye ni wa maziwa ya mama tu. Muuzaji ninayemwamini ni yule anayeweza kumwambia mama, "Dada, usinunue leo, mpeleke mtoto akapimwe kwanza."

"Nafaka zikiwa nyingi ndiyo lishe yenyewe"

Nimeona pakiti inayojisifu kwa mchanganyiko wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama na uwele. Hizo zote ni nafaka, yaani sehemu kubwa ni wanga. Aina mbili tu pamoja na jamii ya kunde zingetosha, halafu nyumbani mama akaongeza maziwa, yai, dagaa au mboga.

Soya isipopitishwa kwenye moto wa kutosha huzuia mwili kumeng'enya protini ileile unayoisifia. Karanga zina mafuta, na zikisagwa pamoja na unga huufanya uharibike upesi ukiwa dukani. Ila balaa kubwa ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja. Kukaanga hakuimalizi. Kinachosaidia sana ni kazi ya kuchosha: kukaa na ungo, kutoa punje za mahindi na karanga zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, kisha kupeleka sampuli maabara. Na hizo mbovu zitupwe. Zisiishie kwa muuza kashata.

Mashine ya kusaga nayo ina yake. Unga wa kwanza kutoka hubeba mabaki ya mteja aliyetangulia, awe alisaga pilipili au muhogo. Wazoefu hupitisha nafaka kidogo kuisafisha, na unga huo hawaupakii.

"Lengo jema halihesabu faida"

Bei ya huruma huua biashara kimyakimya. Kilo 10 za mahindi zikichaguliwa, zikaoshwa, zikaanikwa na kukobolewa, hazitoki kilo 10. Ongeza kuni au gesi ya kukaangia, vifungashio, lebo, bodaboda, pakiti zilizorudi zimepitwa na muda, na mali kauli uliyomwachia mwenye duka akalipa baada ya miezi miwili. Mwisho wa orodha jiandike wewe na ujira wako, maana wengi hujisahau hapo.

Kampuni ya Grameen Danone ilianzishwa Bangladesh mwaka 2006 iuze mtindi wenye virutubisho kwa bei ya watu wa chini. Maziwa yalipopanda bei mwaka 2008 ikapandisha kikombe kutoka taka (fedha ya huko) 5 hadi 8, na mauzo ya vijijini yakaporomoka. Ikarudi na kikombe kidogo zaidi cha taka 6. Anayeuza pakiti za kilo moja tu, mtaa ambao watu hununua mafuta ya kupima, ana cha kujifunza hapo: punguza ujazo, usiuze kwa hasara.

"Hadithi yangu ndiyo inayouza"

Inauza pakiti ya kwanza. Ya pili inauzwa na uji usio na mchanga na usiobadilika ladha kila mwezi. Kuhusu ile picha ya mtoto akiwa amekonda, mimi ningeiacha kwenye albamu. Atakua, ataikuta mtandaoni, na hakuna aliyemuuliza. Na ukisema unga "unatibu" umeshatoka kwenye chakula, umeingia kwenye dawa ambayo huna kibali chake.

"Vibali ni vya wenye viwanda"

TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, imekuwa ikiwathibitishia wajasiriamali wadogo bidhaa zao bila malipo katika miaka ya mwanzo, mradi wawe na barua ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinachowakwamisha wengi ni chumba. Jiko linalopika ugali wa familia halipiti ukaguzi. Panatakiwa mahali pa peke yake, penye dari, wavu madirishani na sakafu inayooshika. Wanaochanga watatu au wanne wakakodi chumba kimoja huvuka hapo mapema kuliko anayesubiri kujenga chake.