Jani linaungua, kosa liko chini: shina la kubebeshea michungwa kwenye chumvi

Mchungwa mchanga ukianza kukauka ncha za majani, wengi hukimbilia kuongeza maji au mbolea. Mimi kwanza nachuma majani yaliyokomaa. Ncha ikiwa ya kahawia kama iliyobabuliwa na moto, na ukavu unateremka kwenye kingo, nashuku kloridi, sehemu ya chumvi inayounguza majani, kisha napeleka majani hayo maabara.

Michungwa haipendi chumvi hata kidogo. Mavuno huanza kupungua chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.7 kwa mita (kipimo cha jinsi chumvi inavyopitisha umeme), na kila desisimensi inayoongezeka huondoa takriban asilimia 16. Lakini kikonyo kilekile, yaani kitawi cha mti utakaozaa, kikibebeshwa (kikiunganishwa) juu ya mashina mawili tofauti yenye mizizi na kunyweshwa maji yaleyale, hakiumii sawa. Mizizi ya chenza Cleopatra na ndimu Rangpur huzuia sehemu kubwa ya kloridi isipande majanini. Shina chotara la Carrizo na mchungwa wa majani matatu huiachia ipande. Inauma, kwa sababu Carrizo hutoa matunda mazuri na huvumilia kuoza kwa mizizi.

Penye chumvi naanza na Cleopatra, ingawa inachelewa kuzaa na haivumilii maji yaliyotuama. Kimelea cha fitofithora, kinachoozesha mizizi, huishambulia. Ipande juu ya tuta, na sehemu ya kiungo, pale kikonyo kinapokutana na shina, ibaki wazi kabisa, isifunikwe udongo. Mdanzi, yaani mchungwa mchungu, uko katikati kwa chumvi na hustahimili udongo wa chokaa, ila penye virusi vya tristeza usiubebeshe chungwa tamu. Mti utakufa.

Kitaluni usiharakishe. Mbegu moja ya Cleopatra hutoa miche kadhaa, mingi ikifanana na mama kabisa. Naupitia mstari mche kwa mche, nikilinganisha umbo la majani na urefu. Ule wa ajabu, hata ukiwa na nguvu kuliko wenzake, naung'oa: huenda ulitokana na uchavushaji, na hauna hakika ya kurithi uwezo wa kuzuia kloridi.

Tena, shina hulinda mlango wa mizizi tu. Ukimwagilia maji ya chumvi kwa kurusha juu, majani huyanyonya yenyewe na Cleopatra yako haisaidii kitu. Tumia matone, maji yaishie chini. Na ukitaka potasiamu, nunua ya salfeti. Ile ya kloridi inarudisha shambani kitu kilekile tunachokizuia.