Orange County haikugeuka usiku mmoja

Kila baada ya uchaguzi wa Marekani nasikia maneno yaleyale: Orange County, kaunti ya California, ilikuwa ngome ya Republican, akaja Trump mwaka 2016, ikageuka. Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kwa mtu anayelipwa kuchambua kura, na nimeshindwa kunyamaza.

Matokeo yenyewe hayana ubishi. Kaunti hiyo ya viungani mwa Los Angeles, alikozaliwa Richard Nixon, ilimpa Roosevelt ushindi mwaka 1936, kisha haikumpa Mdemokrat mwingine kwenye kura ya rais mpaka Hillary Clinton. Ukitazama ramani utaona miongo ya nyekundu, rangi ya Republican, halafu bluu, rangi ya Democrat. Lakini rangi inakutajia mshindi tu, haikwambii alishinda kwa kiasi gani.

Mwaka 1984 Reagan alipata karibu asilimia 75 ya kura za hapo, akamwacha Mdemokrat Mondale kwa pointi 50 hivi za asilimia. Mwaka 2008 McCain wa Republican alishinda huko kwa pointi zisizofika tatu. Tatu! Na Trump alikuwa bado hajawa mgombea wa chama.

Hapo hujibiwa kwamba 2008 ulikuwa mwaka wa Obama, wimbi lilipiga kila mahali. Ni kweli, na ndiyo maana lazima utoe pengo la taifa, yaani tofauti ya kura za wagombea nchi nzima, kabla hujafungua mdomo. Kitaifa Reagan alishinda kwa pointi 18. Zitoe kwenye zile 50: Orange iliegemea Republican kwa pointi 32 kuliko nchi nzima. Mwaka 2000 zilibaki kama 16. Mwaka 2008, 10: kitaifa aliyeshinda ni Obama, kwa hiyo pengo lake unaliongeza kwenye ushindi wa McCain badala ya kulitoa. Mwaka 2012 Romney wa Republican alishinda huko kwa pointi sita, watu wakasema kaunti imerudi nyumbani. Fanya hesabu ileile: 10 tena. Kaunti ilikuwa palepale, nchi ndiyo iliyosogea.

Kisha 2016: Clinton kwa karibu pointi tisa. Ule ulikuwa mruko, siukatai, pointi 16 hivi ukilinganisha na taifa. Lakini mruko huohuo mwaka 1984 ungemwacha Reagan na ushindi wa pointi zaidi ya 30, na rangi isingebadilika. Trump aliusukuma mlango uliokuwa umelegezwa kwa miaka 30.

Na wanaodai kwamba tangu hapo kaunti inazidi kuwa bluu wananiudhi zaidi. Biden alishinda kwa pointi tisa, lakini alikuwa mbele kitaifa kwa zaidi ya nne. Mwaka 2024 Harris alishinda kwa pointi zisizofika tatu, huku Trump akiongoza kitaifa kwa moja na nusu. Ukilinganisha na nchi, kaunti imerudi kidogo upande wa Republican tangu 2016.

Sababu mnazijua: ajira za viwanda vya ndege na silaha zilizopungua Vita Baridi ilipokwisha, Walatino wa mji wa Santa Ana na Waasia wa Irvine, yote ndani ya kaunti, wenye shahada kuikimbia Republican. Ila msiniambie "wahamiaji" kana kwamba ni kura moja. Wavietnam wa Westminster, mji mwingine wa kaunti hiyo, waliokimbia baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, waliibeba Republican kwa miaka mingi.

Kuna jambo linalonisumbua. Jumla ya kaunti haiwezi kutenganisha mtu aliyebadili mawazo na mtu aliyeuza nyumba akahama, mwingine akaingia. Nimejaribu kushuka hadi kwenye matokeo ya vituo na kuyaoanisha na sensa, lakini mipaka ya vituo huchorwa upya, na mtaa unaoufuatilia unakuponyoka mkononi. Hata kule kutoa pengo la taifa kunachukulia kwamba wimbi huinua kila mahali sawasawa. Mwaka 2016 halikufanya hivyo: mahali penye wasomi wengi lilielekea upande mmoja, miji ya viwanda upande mwingine. Kwa hiyo zile pointi 16 nazitumia, lakini nazishika kwa ncha za vidole.