Mguu Mbele ya Wiketi: Kanuni ya Kriketi Inayowatatiza Wageni

Mkazi wa Tabora aliyezoea kandanda akikaa mbele ya runinga kutazama kriketi kwa mara ya kwanza, mambo mengi huyaelewa ndani ya muda mfupi bila kufundishwa na mtu. Huona kwamba timu mbili za wachezaji 11 hupokezana, moja ikirusha na nyingine ikipiga, na kwamba wapigaji wawili hupishana mbio kwenye njia ngumu yenye urefu wa mita 20 hivi ili kujipatia mikimbio, yaani pointi za mchezo huu. Huona pia kwamba mpira uliovuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa ardhi huleta mikimbio 4, uliovuka ukiwa hewani huleta 6, na kila baada ya mirusho 6 halali, yaani ova moja, mrushaji mwingine huanza kurusha kutoka upande wa pili. Kinachomwacha njia panda ni pale mpira unapomgonga mpigaji mguuni, vijiti vitatu vilivyo nyuma yake vinabaki vimesimama bila kuguswa, na bado mwamuzi ananyanyua kidole cha shahada kumtoa.

Hiyo ndiyo kanuni ya mguu mbele ya wiketi. Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi la umri huo la 2026, kwa hiyo mtazamaji wa hapa nyumbani ana kila sababu ya kuijua vizuri, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu kuliko nyingine zote, kwa sababu hugusa kile hasa kinachogombaniwa katika mchezo huu. Wiketi ni vijiti vitatu vyenye urefu wa sentimita 71 na upana wa jumla wa sentimita 23 hivi, na juu yake hulazwa vipande viwili vidogo vya mti. Mpigaji anatakiwa kuilinda kwa gongo lake. Pasipo katazo, angesimama tu mbele yake akiwa na kinga nene za miguuni, akazuia kila mpira kwa magoti na mapaja, na mrushaji asingekuwa na njia ya maana ya kumtoa. Katika sheria za 1774 mpigaji alitolewa iwapo aliweka mguu kwa makusudi ili mpira usigonge wiketi. Siku hizi makusudi hayaulizwi kabisa, bali huangaliwa njia ya mpira peke yake.

Ili mpigaji atolewe, kwanza mpira uwe umerushwa kihalali, na uwe umemgonga mwilini kabla ya kugusa gongo. Kiganja chenye glavu kilichoshika gongo huhesabiwa kuwa sehemu ya gongo, kwa hiyo mpira ukikigusa kwanza, mpigaji amesalimika.

Baada ya hapo mwamuzi hujiuliza mpira ulidunda wapi. Mpigaji wa mkono wa kulia husimama ubavu, bega la kushoto likimwelekea mrushaji, hivyo wiketi ina upande wa kifuani mwake na upande wa mgongoni. Mpira uliodunda nje ya vijiti kwa upande wa mgongoni hauwezi kumtoa kwa kanuni hii, hata kama ungekunja na kwenda moja kwa moja kwenye kijiti cha kati. Wageni hulalamikia sana jambo hili, lakini mimi naona ni la haki: mpira unaotokea nyuma ya miguu ni mgumu sana kuufikia kwa gongo, na kama ungeruhusiwa, warushaji wangelenga huko kutwa nzima na mapigo mazuri yangetoweka. Uliodunda upande wa kifuani unaruhusiwa, ingawa kabla ya mabadiliko yaliyothibitishwa mwaka 1937 ilibidi mpira udunde ndani ya mstari wa vijiti.

Kisha huangaliwa ulimgonga akiwa wapi. Kwa kawaida ni lazima iwe ndani ya eneo linalounganisha wiketi mbili, moja kila mwisho wa njia. Ukimgonga nje ya eneo hilo kwa upande wa kifuani, husalimika iwapo alijaribu kwa dhati kuupiga. Akiwa aliinua gongo na kuuachia upite, anaweza kutolewa.

Anayetaka kuliona hili kwa macho aende kwenye uwanja wowote wa shule hapa Tabora wakati wa kiangazi, asimike vijiti vitatu kila upande, kisha alaze chini kamba mbili za katani kutoka vijiti vya pembeni vya wiketi moja hadi vya wiketi ya pili. Vumbi litabaki na alama mahali mpira ulipodunda, na kamba zitaonyesha kama ilikuwa ndani au nje. Kandanda nayo ina kuotea, ambako nafasi ya mchezaji huamuliwa kwa nukta moja ya wakati. Hapa mwamuzi ana nukta mbili, ya kudunda na ya kugonga mwili, na zote hupita kwa kufumba na kufumbua.

Swali la mwisho ndilo gumu, kwa maana linahusu jambo ambalo halikutokea: je, mpira ungegonga wiketi kama mwili usingekuwapo? Mwamuzi huchukulia kwamba ungeendelea na njia uliyokuwa nayo. Uliomgonga juu ya goti huku ukizidi kupanda huenda ungepita juu ya vijiti. Tena, hata akiwa na hakika, hawezi kumtoa mpigaji mpaka timu inayorusha imwombe uamuzi, na ndiyo sababu ya zile kelele za wachezaji wote kumgeukia kwa pamoja.

Katika mechi kubwa timu inaweza kuomba marudio, na kompyuta huchora njia ya mpira. Mchoro ukionyesha kwamba ungegusa vijiti kwa chini ya nusu ya mpira, uamuzi wa awali hubaki kama ulivyo, uwe wa kumtoa au wa kumwacha. Kwa hiyo mipira miwili iliyochorwa kwa namna ileile inaweza kuishia kwa hukumu mbili tofauti, kulingana na kile ambacho mwamuzi aliyesimama uwanjani alikiamua mwanzoni.