Kabla ya kubadili dozi ya thairoidi, soma karatasi yote

Mama mmoja aliingia kliniki yetu ya homoni na karatasi mbili za maabara, moja ya Januari, nyingine ya Machi. Ya kwanza iliandika T4 huru, yaani homoni ya thairoidi inayozunguka kwenye damu bila kushikwa na protini, 14.2. Ya pili, 1.1. Huko alikopita aliambiwa homoni imekauka mwilini, akaongezewa levothairoksini, kidonge cha kurudishia homoni hiyo, kutoka mikrogramu 75 hadi 150. Alipokaa mbele yangu moyo ulikuwa unamwenda mbio na usingizi ulikuwa umempaa. Nikamwekea kidole kwenye herufi ndogo zilizo pembeni mwa namba. Karatasi ya Januari ilisema pmol/L, ya Machi ng/dL, vizio viwili tofauti vya kupimia kitu kilekile. Zidisha 1.1 kwa 12.87 unarudi kwenye 14.2 ileile. Homoni haikuwa imesogea. Kilichobadilika ni maabara tu.

Ukipokea majibu ya thairoidi, anza na majina matatu: TSH, T4 na, mara nyingine, T3. T4 na T3 hutengenezwa na tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. TSH haitoki huko. Inatoka pituitari, tezi ya ukubwa wa njegere chini ya ubongo, na kazi yake ni unyapara. Kibarua akizembea, mnyapara hupaza sauti; akipitiliza, hunyamaza. Ndiyo maana TSH ikipanda, thairoidi imelegea, na ikishuka sana, mara nyingi homoni imezidi. Wagonjwa wengi husoma kinyume: wanaona TSH 38 wanasema, "Daktari, thairoidi yangu iko juu sana," kumbe iko chini.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito maabara nyingi huweka TSH kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L hivi. Fuata kiwango kilichochapwa kwenye karatasi yako, si cha rafiki yako, maana mashine hutofautiana.

TSH ikiwa juu na T4 chini, hakuna ubishi: tezi imeshindwa kazi, na dawa inahitajika. Shida iko pale TSH imepanda kidogo, tuseme 6 au 7, na T4 iko sawa. Hapa ndipo watu wengi huanzishiwa kidonge cha maisha kwa kipimo kimoja. Mimi hurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kwanza, kwa sababu wengi hurudi kawaida wenyewe, hasa kama walipimwa wakiwa wametoka kuugua. Kwa wazee nina sababu zaidi ya kusubiri. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na hali hiyo. Nusu walipewa levothairoksini, nusu kidonge kisicho na dawa. TSH ilishuka kwa waliopewa dawa, lakini uchovu wao haukupungua kuliko wa wenzao. TSH ikipita 10, au mama akiwa mjamzito au akitafuta ujauzito, mizani inaelemea upande wa dawa.

Kuna sura moja ya majibu hupita bila kushtukiwa: T4 iko chini, na TSH nayo iko chini au "kawaida". Mnyapara alipaswa kupiga kelele, mbona kimya? Huenda mgonjwa ni mnyapara mwenyewe. Kwetu huwa namuuliza mwanamke mwenye majibu haya kuhusu uzazi wake wa mwisho. Akisema alitokwa damu nyingi mno, maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi tena, nashuku pituitari ilikosa damu siku ile. Huyu usimkimbilize na levothairoksini. Kwanza apimwe kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo ambayo nayo huamriwa na pituitari, na ikiwa imepungua aanze kurudishiwa hiyo, la sivyo kidonge cha thairoidi kinaweza kumwangusha.

Na kabla ya kuamini namba yoyote, taja kila unachomeza. Vidonge vya nywele na kucha, vinavyouzwa sana siku hizi, vina bayotini nyingi, aina ya vitamini B. Kwenye baadhi ya mashine, bayotini hushusha TSH na kupandisha T4 kwenye karatasi tu, mtu akaonekana ana thairoidi iliyozidi naye ni mzima kabisa. Acha siku mbili au zaidi kabla ya kutoa damu. Miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito nayo hushusha TSH bila ugonjwa wowote.

Dawa yenyewe ya thairoidi iliyolegea ni rahisi kuandika, ngumu kumeza sawasawa. Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya madini ya chuma, vile vya kliniki ya wajawazito, na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa nne. Uji wa lishe wenye soya nao huizuia kunyonywa. Mwezi wa Ramadhani wengine humeza kabla ya daku, wengine kabla ya kulala saa tatu baada ya kula; chagua moja usiibadilishe. Dozi ikibadilishwa, subiri wiki sita hadi nane ndipo upime, kwani TSH haina haraka.

Tezi iliyozidi, ile ya kutetemeka mikono, jasho na kukonda huku unakula, ina njia tatu. Ya kwanza ni kabimazoli, kidonge cha kupunguza homoni; kwa kawaida humezwa miezi 12 hadi 18, na takriban nusu ya wenye ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huichochea tezi kupita kiasi, hurudiwa baada ya kuacha. Ukiwa nayo ukapata homa au koo kuuma, acha dawa, kapime chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Kipimo cha ufuatiliaji ni T4 na T3, maana TSH inaweza kubaki imezimwa kwa miezi ingawa umeshapona. Njia ya pili ni iodini yenye mionzi, ambayo Tanzania hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na wengi baadaye huishia kumeza levothairoksini. Ya tatu ni upasuaji, hasa rovu likibana koo. Muulize daktari wa upasuaji kuhusu hatari ya kuumia neva ya sauti na kushuka kwa kalsiamu ya damu kabla ya kusaini.

Anayetoka kijijini mbali na maabara, kwa maoni yangu, akishauriana vizuri anaweza kuchagua mionzi au kisu mapema badala ya kabimazoli ya miezi 18 isiyofuatiliwa. Kidonge kimoja cha levothairoksini kwa siku na kipimo mara moja kwa mwaka vikishatulia, ni mzigo mwepesi kuliko kukimbizana na dozi inayopanda na kushuka.

Yule mama tulimrudisha kwenye mikrogramu 75. Wiki nane baadaye alirudi na karatasi ya tatu, safari hii kutoka maabara ileile ya Januari, TSH 2.1.