Kabla hujamlipa fundi wa kuharakisha tovuti yako

Mama mmoja anayeuza vitenge katika komine (sehemu ya mji) ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, alinijia na simu mbili. Moja ilikuwa yake, mpya, inatumia Wi-Fi ya dukani. Nyingine ilikuwa ya kijana anayemsaidia kazi, simu ndogo, kioo kimepasuka pembeni, inategemea mega za kununua, yaani data ya intaneti. Akafungua tovuti ya duka kwenye zote mbili kwa pamoja. Kwenye simu yake vitenge vilitokea mara moja. Kwenye ile nyingine tulikaa tukitazama ukurasa mweupe, mpaka akavunja ukimya: "Mwanangu, batu banasema saiti yangu inakulaka mega yabo yote."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ameshalipa. Fundi aliyempata mtandaoni alimfanyia kazi siku mbili, akamtumia picha ya skrini yenye duara la kijani na namba 98 katikati, akachukua pesa yake. Mama aliitunza picha ile kwenye simu kama mtu anavyotunza risiti. Namba yenyewe haikuwa ya kughushi. Nilipima upya mbele yake, ikatoka karibu ile ile. Na bado mteja wa Kolwezi au Kasumbalesa alikuwa anafunga ukurasa kabla hajaona kitenge hata kimoja.

Kazi yangu ni hii hii ya kuharakisha tovuti, najitegemea, kwa hiyo naeleza kutoka ndani. Kipimo ambacho karibu kila fundi atakuonyesha ni PageSpeed Insights ya Google. Ni kizuri na ni bure, ila kina sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Alama ile ya 0 mpaka 100 ni jaribio la mashine: kompyuta inajifanya simu ya bei ya kati yenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, inafungua ukurasa, inatoa alama, na kuanzia 90 duara linakuwa kijani. Sehemu ya pili hukaa juu yake. Ile hutokana na watu halisi waliofungua tovuti yako kwa Chrome katika siku 28 zilizopita. Hapo Google huangalia mambo matatu: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukigusa kitufe ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unajipanga (hapo kikomo ni 0.1). Ili tovuti ihesabiwe nzuri, angalau asilimia 75 ya safari za wageni zinatakiwa kufikia viwango hivyo. Tovuti isiyo na wageni wa kutosha haipewi takwimu hizi kabisa, na tovuti nyingi za maduka ya kwetu ziko hivyo.

Sasa, 98 ile ilipatikanaje? Nilipofungua msimbo nikakuta programu-jalizi (kiprogramu cha nyongeza kwenye tovuti) iliyoamriwa kuzuia JavaScript yote, yaani msimbo unaofanya vitu vya ukurasa vitende kazi, mpaka mgeni aguse skrini. Mashine ya kupima haina kidole. Inafungua ukurasa, inasubiri, inaona wepesi, inatoa alama na kwenda zake. Mteja yeye ana kidole. Akigusa tu, kila kilichozuiwa kinaamka kwa pamoja: dirisha la mazungumzo, hesabu ya wageni, picha zinazojizungusha. Simu ndogo inaganda pale pale anapotaka kubonyeza "Agiza". Kuchelewesha baadhi ya vitu ni ufundi halali, nami hufanya hivyo. Kuchelewesha kila kitu ili mashine ifurahi ni kumwibia mteja, hata kama fundi mwenyewe haoni hivyo.

Nikakaa na mama, nikamwonyesha ugonjwa wenyewe. Picha za vitenge zilipigwa kwa simu yake nzuri, pikseli 4000 kwa upana, zikapakiwa vile vile. Kwenye simu ya mteja kila picha inaonekana kwenye kisanduku kisichozidi upana wa vidole vitatu, lakini mega zinazoliwa ni za picha nzima. Mgeni aliyeshuka mpaka chini ya ukurasa wa kwanza alivuta megabaiti 8. Piga hesabu: baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabaiti 8 ni megabiti 64, na kwa mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde hizo ni sekunde 40 za kusubiri, tena kama mtandao haujayumba. Nilichukua picha moja, nikaipunguza mpaka pikseli 800, nikaibadilisha kuwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), nikaziweka mbili hizo bega kwa bega kwenye simu ya kijana. Mama akazisogeza karibu na macho, akatafuta tofauti kwenye maua ya kitenge, hakuiona. Faili ya kwanza ilikuwa na megabaiti zaidi ya 3. Ya pili haikufika kilobaiti 100.

Kulikuwa na mengine pia: programu-jalizi mbili za kashe (za kutunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka) zinazogombana, fonti sita wakati moja inatosha, na picha kubwa ya juu imewekewa amri ya kuchelewa kupakia. Amri hiyo inazifaa picha za chini. Ile ya juu kabisa ndiyo mteja anayoisubiri, isicheleweshwe.

Umbali wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, nao ni jambo la kweli. Kutoka hapa mpaka Ulaya ya magharibi ni zaidi ya kilomita 7,000, na mwanga ndani ya nyaya za fiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 kwa uchache, na kivinjari kinahitaji safari kadhaa kabla ya kupata herufi ya kwanza. Lakini usikubali fundi akuhamishe seva siku ya kwanza wakati picha zako ziko vile. Punguza mzigo kwanza.

Kwa hiyo ukimtafuta fundi, swali langu la kwanza lingekuwa: "Utapima kwa simu gani?" Akikutajia alama peke yake, endelea kutafuta. Mwambie achukue simu ya kawaida inayotumia mega, afungue ukurasa wa bidhaa na ukurasa wa kuagiza, kwa sababu hapo ndipo pesa inaingia. Ahesabu sekunde mbele yako, aandike, na akimaliza kazi arudie kwa simu ile ile. Anayekuahidi 100 kabla hajaiona tovuti yako hajui anachokiahidi.

Neno lako la siri kuu usimpe. Mfungulie akaunti yake, na kabla hajagusa chochote achukue nakala ya tovuti nzima, akuonyeshe iko wapi. Nimeona duka likikaa siku tatu bila tovuti kwa sababu fundi alifuta programu-jalizi ya malipo akidhani haina kazi, na nakala haikuwepo. Mwenye duka alikuwa analia kwenye simu.

Malipo mimi huyagawa mara tatu: sehemu ya kuanza, sehemu baada ya kupima pamoja, na kiasi kidogo kinachobaki kwa siku 28, maana takwimu za watu halisi huchukua muda huo kubadilika zote. Kwa tovuti isiyo na takwimu hizo, siku 28 zinatosha wateja kulalamika au kunyamaza.

Na mwombe amfundishe yule anayepakia picha. Mama alimwita kijana wake, nikamwonyesha jinsi ya kupunguza picha kwenye simu kabla ya kuipandisha, akafanya tano za kwanza mimi nikiangalia. Ya sita alinisahihisha yeye, kwamba nimesahau kubadilisha jina la faili. Nikamwachia mama karatasi yenye orodha ya kila nilichogusa, naye akafuta akaunti yangu nikiwa bado nimekaa dukani.